Rekodi 12 za Besiboli ya Marekani Zilizokaa Kivulini

Besiboli ni mchezo wa watu wanaopenda hesabu. Tangu karne ya 19 Wamarekani wameweka daftari la nani alipiga, nani alikosa na nani alikimbia. Babe Ruth na Joe DiMaggio wanajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kushika gongo la besiboli. Leo tunawaweka kando. Hapa tunawapanga wale ambao rekodi zao ziliwekwa mbali na taa kubwa, katika miji midogo, katika ligi zilizobaguliwa na kwenye viwanja visivyo na mtu, kuanzia nafasi ya 12 hadi ya kwanza.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji anapiga. Mpigaji akipata straiki tatu, ametolewa. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu ya timu imekwisha, na timu zote mbili zikimaliza zamu zao, raundi moja imekamilika. Mechi ya kawaida ina raundi 9. Anayezunguka vituo vyote vinne akarudi nyumbani ameipa timu yake mkimbio mmoja. Sasa mashindano yaanze.

12. Mfupi na mrefu: sentimita 109 dhidi ya 211

Tarehe 19 Agosti 1951, timu ya St. Louis Browns ilimpeleka uwanjani mpigaji aitwaye Eddie Gaedel. Kimo chake kilikuwa sentimita 109 na uzito kilo 29. Kimo hicho ni cha mtoto wa miaka mitano, na uzito huo unazidi kidogo tu nusu ya mfuko wa saruji. Jezi aliyovaa, yenye namba 1/8 mgongoni, iliazimwa kutoka kwa mtoto wa miaka tisa.

Ili apate straiki, mrushaji lazima apitishe mpira katika eneo lililo kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Gaedel alipoinama, eneo hilo likawa jembamba mno. Bob Cain wa Detroit Tigers alirusha mara nne, na mara zote nne mpira ukapita juu. Gaedel akapewa kituo cha kwanza bure, akabadilishwa, na uwanja mzima ukamshangilia. Kesho yake rais wa ligi akaufuta mkataba wake. Alipiga zamu moja maishani na akafika kituoni mara moja: asilimia 100!

Upande wa pili wa kipimo yuko mrushaji Jon Rauch, sentimita 211. Zidisha kimo cha Gaedel mara mbili, na bado utampita Rauch kwa sentimita 7 tu.

11. Umati mkubwa kuliko wote, na uwanja mtupu kuliko wote

Tarehe 29 Machi 2008, Los Angeles Dodgers walicheza mechi ya kirafiki na Boston Red Sox ndani ya uwanja wa Coliseum, ambao kwa kawaida si wa besiboli. Waliingia watu 115,300. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam hubeba watazamaji 60,000. Ujaze hadi pomoni, uutoe wote, ujaze tena, na ndipo utauzidi kidogo umati ule wa siku moja.

Sasa geuza darubini. Tarehe 29 Aprili 2015, Baltimore Orioles waliikaribisha Chicago White Sox nyumbani. Jiji lilikuwa katika machafuko baada ya kifo cha Freddie Gray, kijana Mweusi aliyefariki baada ya kukamatwa na polisi. Kwa sababu za usalama, milango ya uwanja ilifungwa kwa mashabiki. Wachezaji walicheza, waamuzi waliamua, na Chris Davis wa Orioles akaupiga mpira ukavuka uzio, lakini hakukuwa na mkono wa shabiki wa kuudaka. Orioles walishinda 8–2. Kwenye safu ya watazamaji, daftari la ligi kuu liliandikwa, kwa mara ya kwanza katika historia yake, namba hii: 0.

10. Timu mbili kwa siku moja, kisha timu mbili kwa mechi moja

Mchana wa tarehe 4 Agosti 1982, Joel Youngblood alikuwa Chicago akiichezea New York Mets. Aliupiga vizuri mpira wa mrushaji Ferguson Jenkins, akafika kituoni, kisha akaambiwa ameuzwa Montreal Expos. Akafungasha mizigo, akapanda ndege hadi Philadelphia ambako Expos walikuwa wakicheza usiku huohuo, akaingizwa uwanjani na kuupiga mpira wa mrushaji Steve Carlton. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 1,000, umbali unaokaribia ule wa barabara kutoka Mombasa hadi Kampala. Ni mchezaji wa kwanza kufaulu kupiga kwa timu mbili tofauti katika miji miwili kwa siku moja, na warushaji wote wawili aliowapiga waliingia baadaye katika Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Ilidhaniwa kwamba hapo ndipo mwisho. Tarehe 26 Juni 2024, mvua ilisimamisha mechi ya Toronto Blue Jays na Boston Red Sox huku Danny Jansen wa Toronto akiwa katikati ya zamu yake ya kupiga. Mwezi uliofuata akauzwa Boston. Mechi ilipoendelea tarehe 26 Agosti, Toronto ilileta mpigaji mwingine kumalizia zamu ya Jansen, na nyuma ya mpigaji huyo, akiwa amevaa jezi ya Boston na kofia ya mdakaji, yaani anayedaka mipira ya mrushaji, alichuchumaa Jansen mwenyewe. Hakuna mwingine katika ligi kuu aliyewahi kuzichezea timu zote mbili katika mechi moja.

9. Timu dhaifu kuliko zote: vipigo 134

Mwaka 1899, ndugu wawili wa ukoo wa Robison walimiliki timu mbili kwa wakati mmoja: Cleveland Spiders na timu ya St. Louis. Wakaamua kuwapeleka St. Louis nyota wote wa Cleveland, akiwemo Cy Young, mrushaji aliyeshinda mechi 511 maishani, idadi ambayo hadi leo haijafikiwa na yeyote. Walioachwa Cleveland wakatupwa kwa simba.

Matokeo ya msimu: ushindi 20, vipigo 134. Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16 huipa kila timu mechi 30 kwa msimu. Ili kufikia Spiders, timu ingelazimika kupoteza kila mechi kwa misimu minne mfululizo, kisha ipoteze nyingine 14 za msimu wa tano. Wakati mmoja walifungwa mechi 24 bila kupumua.

Mashabiki nao walikimbia. Kwa wastani mechi ya nyumbani ilitazamwa na watu 145 hivi, abiria wanaoenea katika mabasi matatu ya mikoani. Wapinzani wakaona mapato ya mlangoni hayatoshi hata nauli, wakagoma kuja. Spiders wakageuka wasafiri, na ugenini walipoteza mechi 101 kati ya 112. Msimu ulipokwisha, timu ikafutwa. White Sox wa mwaka 2024 walitisha kwa vipigo 121, lakini hata wao walibaki nyuma ya Spiders kwa vipigo 13.

8. Mpira wenye kasi kuliko yote, na mwingine ambao haukupimwa

Mwaka 1940, kabla ya mashine za rada kuingia viwanjani, mrushaji Bob Feller alipimwa jijini Chicago kwa njia ya kishujaa: alishindanishwa na pikipiki ya polisi. Pikipiki ilimpita ikiwa na kasi ya kilomita 138 kwa saa, ikatangulia, naye akarusha. Mpira ulifika kwenye shabaha kabla ya pikipiki! Hesabu zilizopigwa baadaye zilitoa kasi ya karibu kilomita 159 kwa saa.

Tarehe 24 Septemba 2010, Aroldis Chapman, mzaliwa wa Cuba, alirusha mpira uliozidi kilomita 169 kwa saa. Basi la abiria Kenya na Tanzania limewekewa kikomo cha kilomita 80. Mpira wa Chapman ungeliacha basi hilo kwa kasi iliyozidi maradufu. Kutoka anaposimama mrushaji hadi kituo cha nyumbani ni mita 18 na kidogo, hivyo mpigaji alikuwa na chini ya nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kupiga.

Lakini watu waliocheza miaka ya 1950 na 1960 hutaja jina jingine: Steve Dalkowski. Huyu hakuwahi kurusha mpira hata mmoja katika mechi ya ligi kuu. Msimu wa 1960 akiwa Stockton, California, alirusha raundi 170. Aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki tatu, na akawapa wapigaji 262 kituo cha bure kwa kulikosa eneo la straiki. Sawasawa, 262 kwa 262! Mwaka 1963 alikuwa hatua moja kutoka ligi kuu, ndipo kiwiko chake kikaumia wakati wa maandalizi ya msimu. Kikombe cha kasi kinabaki kwa Chapman kwa sababu yeye alipimwa. Wengi waliosimama mbele ya Dalkowski wakiwa na gongo mkononi hawakulikubali jambo hilo.

7. Mdogo na mzee: miaka 15 na miaka 59

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliwachukua wachezaji wengi wa Marekani, na timu zikawa zinatafuta mtu yeyote mwenye mkono mzuri. Tarehe 10 Juni 1944, Cincinnati Reds ilimwingiza Joe Nuxhall, mwenye umri wa miaka 15 na siku 316, umri wa kidato cha pili. Aliwatoa wawili, kisha miguu ikamtetemeka mbele ya mabingwa wa St. Louis Cardinals: akatoa vituo vitano vya bure na mikimbio mitano. Reds walilala 18–0. Kijana hakukata tamaa. Alirudi ligi kuu mwaka 1952 na kucheza hadi mwaka 1966.

Mwisho mwingine wa mstari amesimama Satchel Paige. Kwa kuwa alikuwa Mweusi, ligi kuu ilimfungia mlango hadi mwaka 1948, alipokuwa ametimiza miaka 42, umri ambao warushaji wengi wameshastaafu. Tarehe 25 Septemba 1965, Kansas City Athletics ilimwita tena, akiwa na miaka 59 na siku 80. Mtumishi wa umma wa umri huo, Tanzania au Kenya, anahesabu miezi ya kustaafu kwa lazima. Paige alirusha raundi tatu dhidi ya Boston Red Sox, akaruhusu pigo moja tu, na hakutoa hata mkimbio mmoja. Kati yake na Nuxhall kuna miaka 43. Babu na mjukuu, ligi moja.

6. Njia ndefu kuliko zote: kutoka Afrika

Ligi kuu ya besiboli huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1876. Ilichukua miaka 141 hadi mchezaji aliyezaliwa na kukulia Afrika kuingia uwanjani. Jina lake ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alikulia kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, mahali alipofanya kazi mama yake. Tarehe 26 Aprili 2017 alisimama kwa zamu yake ya kwanza ya kupiga akiwa na Pittsburgh Pirates, mbele ya Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji wakali wa kizazi chake. Akafaulu papo hapo.

Miaka mitano kabla yake, watoto wa Lugazi nchini Uganda walifungua mlango wao wenyewe. Mwaka 2011 timu ya Uganda ilifuzu fainali za dunia za besiboli ya watoto zinazofanyika Williamsport, Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ikafuzu, ikapata viza, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo tangu zilipoanzishwa mwaka 1947. Na hawakwenda kutalii. Waliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3–2, kwenye ardhi ya Wamarekani wenyewe.

5. Usiku mkubwa wa mrushaji: 27, na 36

Mechi ya raundi 9 ina wapigaji 27 wa kutolewa. Tarehe 13 Mei 1952, katika ligi ndogo ya milima ya Appalachia, kijana wa miaka 19 aitwaye Ron Necciai wa timu ya Bristol aliwatoa 27 kwa straiki tatu. Rekodi ya ligi kuu kwa mechi ya raundi 9 ni 20. Necciai aliizidi kwa saba, huku akisumbuliwa na vidonda vya tumbo, na wapinzani hawakupata hata pigo moja halali. Afya ikamkata miguu mapema. Ligi kuu alishinda mechi moja tu.

Mwenye uchungu zaidi ni Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates. Mechi kamilifu ni ile ambayo mrushaji anawatoa wapigaji wote 27 mfululizo bila yeyote kufika kituoni, na hadi msimu wa 2024 ligi kuu ilikuwa na mechi 24 tu za aina hiyo. Tarehe 26 Mei 1959, akiwa na mafua, Haddix aliwatoa wapigaji 36 wa Milwaukee Braves mfululizo, raundi 12 kamili. Lakini wenzake nao hawakupata mkimbio, ingawa walimpiga mrushaji wa Braves, Lew Burdette, mara 12. Raundi ya 13 Haddix akafungwa, 1–0. Mwaka 1991 wasimamizi wa ligi waliimarisha ufafanuzi wao, na usiku wake ukaondolewa kwenye orodha rasmi ya mechi zisizo na pigo. Kwa vipimo vya uwanjani, hakuna aliyewahi kurusha vizuri kwa muda mrefu kiasi hicho.

4. Mechi ndefu kuliko zote: raundi 33

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1981, mkesha wa Pasaka, timu mbili za daraja la chini ya ligi kuu zilikutana Pawtucket, katika jimbo la Rhode Island: wenyeji Pawtucket Red Sox na wageni Rochester Red Wings. Raundi 9 zikaisha sare. Raundi ya 21 Rochester wakafunga, Wade Boggs wa Pawtucket akasawazisha. Baridi ilikuwa kali hadi wachezaji wakawasha moto kwa magongo yaliyovunjika. Waamuzi walitafuta kifungu cha kuwaruhusu kusimamisha mchezo kwa sababu ya saa, lakini hakikuwemo kwenye kitabu chao cha mwaka ule.

Saa 10 na dakika 7 alfajiri, baada ya raundi 32, mechi ikasimamishwa ikiwa 2–2. Kati ya watazamaji 1,740 walioingia, walibaki 19. Hao wote wangepanda Coaster moja na viti vikabaki. Mechi ilimaliziwa tarehe 23 Juni, na safari hii dakika 18 zilitosha: Pawtucket walishinda 3–2 katika raundi ya 33.

Jumla: saa 8 na dakika 25. Ndani ya muda huo unaweza kutazama mechi tano kamili za soka, ukiacha mapumziko, na bado ukabaki na zaidi ya nusu saa, au kupanda basi Mombasa ukaikaribia Nairobi. Dallas Williams wa Rochester alipiga mara 13 bila kufaulu hata moja. Na uwanjani usiku ule walikuwemo vijana wawili, Boggs wa Pawtucket na Cal Ripken wa Rochester, ambao baadaye waliingia Jumba la Mashujaa.

Kwa ulinganifu, mechi fupi kuliko zote za ligi kuu zenye raundi 9 ilichezwa tarehe 28 Septemba 1919: New York Giants iliifunga Philadelphia Phillies 6–1 kwa dakika 51. Kipindi cha kwanza cha soka, ongeza dakika sita, kwaherini!

3. Mwizi wa vituo asiyeshikika: 201

Kuiba kituo ni kukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine wakati mrushaji akirusha, kabla hujashikwa. Katika ligi kuu ya wanaume, rekodi ya kisasa kwa msimu ni vituo 130, iliyowekwa na Rickey Henderson mwaka 1982. 

Miaka 36 kabla yake, Sophie Kurys aliiba vituo 201.

Kurys alichezea Racine Belles katika ligi ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1943, wakati wa vita, na kudumu hadi mwaka 1954. Vituo vyao vilikuwa karibu zaidi kuliko vya wanaume, na hilo lihesabiwe. Lakini lihesabiwe pia hili: msimu ule wa 1946 alijaribu mara 203, akashikwa mara mbili tu. Na alikimbia akiwa amevaa sketi, kwa sababu ligi iliwalazimisha wachezaji wavae hivyo. Kila alipoteleza kuingia kituoni, ngozi ya mapaja ilichubuka kwenye udongo. Alijifunga bandeji, akarudi, akaiba tena.

Mechi iliyoamua ubingwa wa 1946 ilifika raundi ya 14 bila mkimbio. Kurys alifika kituo cha kwanza, akaiba cha pili, na alikuwa tayari mbioni kuiba cha tatu mwenzake alipopiga. Hakusimama hadi nyumbani. Racine wakashinda 1–0, na kombe likawa lao.

2. Mlango uliofungwa kwa muda mrefu kuliko yote: miaka 63

Dunia inamjua Jackie Robinson, aliyeingia ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947. Wachache wanamjua Moses Fleetwood Walker. Mwaka 1884, mdakaji huyu wa Toledo, Ohio, aliyesoma chuo cha Oberlin, alicheza mechi 42 katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu. Ndiye mchezaji wa kwanza aliyejulikana wazi kuwa Mweusi katika ngazi hiyo. Ndugu yake Welday alicheza naye mwaka huohuo.

Baada yao wenye timu walipatana, bila kuandika popote, kutosajili Weusi. Mapatano hayo ya mdomo yalidumu hadi Robinson; kutoka Walker hadi yeye ni miaka 63. Waingereza waliitawala Kenya kuanzia mwaka 1895 hadi 1963, miaka 68. Yaani neno la mdomo la wenye timu za mpira lilikaribia kudumu sawa na dola. Na timu ya mwisho, Boston Red Sox, haikumwingiza mchezaji Mweusi hadi tarehe 21 Julai 1959, alipoingia Pumpsie Green. Kutoka Walker hadi Green ni miaka 75. Hapo ukoloni wa Kenya umepitwa kwa miaka saba.

1. Mpigaji bora kuliko wote: 372 kati ya 1,000

Wakati mlango huo umefungwa, Weusi walijenga ligi zao. Ndani yake alisimama Josh Gibson, mdakaji mwenye kifua kipana wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, aliyezaliwa Georgia mwaka 1911.

Mpigaji anayefaulu mara 300 kati ya 1,000 huitwa nyota. Kwa miongo mingi kilele cha maisha yote kilikuwa cha Ty Cobb: 367. Wastani wa Gibson ni 372. Msimu wa 1943 alifika 466, yaani karibu nusu ya zamu zake zilizohesabiwa aliupiga mpira mahali ambapo hakuna wa kumzuia. Katika kipimo cha nguvu ya mapigo, Babe Ruth ana 690, Gibson ana 718. Jina kubwa kuliko yote katika mchezo huu limeshuka hadi nafasi ya pili!

Gibson hakuiona siku ya kutambuliwa. Alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia. Kaburi lake halikuwekewa jiwe lenye jina hadi mwaka 1975. Ligi kuu ilizitambua ligi za Weusi mwishoni mwa mwaka 2020, na mwezi Mei 2024 takwimu zake, pamoja na za wachezaji zaidi ya 2,300 wa miaka ya 1920 hadi 1948, ziliingizwa rasmi kwenye daftari. Kutoka kifo hadi taji ni miaka 77. Ndiyo maana nafasi ya kwanza ni yake: namba kubwa kuliko zote, na iliyosubiri kuandikwa kwa muda mrefu kuliko zote.

Namba hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Watafiti walipekua magazeti ya Weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, mechi baada ya mechi, wakikusanya matokeo ambayo mwandishi fulani alijisumbua kuyaandika siku ileile. Pasipo karatasi hizo, Gibson angebaki hadithi ya wazee, na Cobb angekuwa bado juu.

Kwa hiyo neno kwa makocha wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi Tanzania), waandaaji wa ndondo za mitaani na walimu wa michezo kote Afrika Mashariki: andikeni. Andikeni tarehe, majina kamili, mabao, dakika, na mtunze daftari. Mchezaji bora kuliko wote katika historia ya mtaa wenu huenda anacheza Jumamosi hii, na rekodi yake itahesabiwa tu kama kuna mtu aliyeiandika.